UZI: Arun Govil alicheza Ram mwaka 1987, na India haikumruhusu tena kuwa mtu mwingine

Mpenda Tamthilia (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Humu jukwaani tunajadili sana tamthilia za Kihindi za siku hizi, zile za mawifi na mama wakwe, lakini sijaona uzi hata mmoja unaomhusu Arun Govil, mwigizaji aliyemcheza Ram, mungu wa Wahindu, kwenye tamthilia ya Ramayan. Nimeona niuanzishe mwenyewe, tena kwa kirefu, kwa sababu naamini huyu bwana ameonewa mara mbili. Wamemwonea wale waliomgeuza mungu, maana hawakumwona mwigizaji aliyekuwa mbele yao, na wamemwonea wale wanaosema hajui kuigiza, kwamba alikuwa anasimama tu na kutabasamu. Nitazijibu pande zote mbili. Mwenye hoja karibu, ila naomba tusome kwanza.

Alizaliwa Meerut, jimbo la Uttar Pradesh. Akaenda Bombay akiwa kijana, kaka yake akiwa na biashara huko. Mke wa kaka yake alikuwa Tabassum, ambaye kwa Wahindi wa umri fulani hahitaji maelezo: alianza kuigiza akiwa mtoto mdogo, kisha akawa mtangazaji wa kipindi cha mahojiano na wasanii kwenye Doordarshan, televisheni ya taifa. Kwa hiyo mlango wa sanaa ulikuwa nyumbani. Mwaka 1977 akapata filamu yake ya kwanza, Paheli, chini ya kampuni ya Rajshri ya mzee Tarachand Barjatya. Mwaka 1979 ikaja Saawan Ko Aane Do, ambayo ilipendwa na ikamtambulisha kama kijana mpole wa filamu za kifamilia. Enzi zile ni za Amitabh Bachchan na hasira zake, watu wanavunjana mbavu ghalani, na huyu anaingia na uso wa mtu aliyetoka kusali. Nafasi yake ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo.

Sasa tuje kwa Ramanand Sagar. Huyu alikuwa muongozaji wa filamu kubwa aliyeamua kuhamia televisheni wakati wenzake wakiidharau. Tukumbuke India ilipata matangazo ya rangi mwaka 1982, mwaka wa Michezo ya Asia ya Delhi, na tamthilia yao ya kwanza ya kuendelea, Hum Log, ilianza 1984. Chaneli ni Doordarshan, basi. Mwaka 1985 Sagar akatoa Vikram Aur Betaal, hadithi za mfalme anayebeba pepo mgongoni, na pepo anamsimulia visa vyenye mafumbo. Mfalme Vikram alikuwa Arun Govil.

Iliposikika kwamba Sagar anaandaa Ramayan, Govil alikwenda mwenyewe kuiomba nafasi ya Ram. Amesimulia jambo hili mara nyingi kwenye mahojiano. Watu wa karibu walimwonya kwamba kucheza mungu kutaua maisha yake ya filamu. Akajaribiwa, akakataliwa. Akapewa nafasi ya mmoja wa wadogo zake Ram, akasema hapana, ni Ram au basi. Baadaye akaitwa tena. Wakampaka, wakamvika, na bado mambo hayakukaa sawa: alionekana mtu aliyevaa nguo za Ram. Hapo akakumbuka kwamba mzee Barjatya aliwahi kumwambia atafute namna nzuri ya kulitumia tabasamu lake. Akalitumia. Sura ikakaa.

Tabasamu lile ndilo lililosimamisha kila kitu kilichofuata, ndiyo maana nitalirudia chini. Naweka sehemu ya pili baada ya kupumua kidogo.

---

Mzee wa Deki

Mkuu umenigusa. Sisi tuliokulia Dar miaka ile hatukuwa na televisheni. Bara stesheni zilianza 1994, Zanzibar ndiyo walikuwa nayo tangu 1973. Lakini majirani zetu Wahindi wa mitaa ya Kisutu walikuwa na deki, na kanda zilikuwa zinatumwa na ndugu zao. Watoto wa mtaa tulikuwa tunachungulia dirishani. Hatujui lugha, lakini tulimjua Hanuman, yule mungu nyani. Kwangu mimi Hanuman ndiye alikuwa nyota, huyo Ram nilimwona mtulivu mno.

---

Mpenda Tamthilia

Mzee wa Deki, Hanuman huyo ni Dara Singh, na hukukosea kumpenda. Alikuwa mpiganaji wa mieleka halisi, Mpunjabi aliyezaliwa 1928, alitembea dunia akipigana kabla ya filamu. Alipocheza Hanuman alikuwa na miaka karibu sitini, na mwili bado unazungumza. Alifariki Julai 2012, na India nzima ilimlilia kama Hanuman.

Haya, sehemu ya pili.

Ramayan ilianza kurushwa Jumapili tarehe 25 Januari 1987, saa tatu na nusu asubuhi. Ilipangwa iwe na sehemu 52. Ikaongezwa, ikaongezwa tena, ikafika 78 na kuisha tarehe 31 Julai 1988. Ilipigwa Umbergaon, mji wa pwani ya Gujarat, na waigizaji walikaa huko kwa muda mrefu wakiishi pamoja kama kambi. Deepika Chikhalia alikuwa Sita, mke wa Ram, Sunil Lahri akawa Lakshman, mdogo wake Ram, Arvind Trivedi akawa Ravan, adui anayemteka Sita. Nyimbo na muziki ni vya Ravindra Jain, mtu aliyezaliwa kipofu, na sauti yake mwenyewe inasikika humo ikisimulia kwa beti.

Kilichotokea Jumapili zile kimeandikwa sana. Barabara zilikuwa tupu. Treni zilichelewa kwa sababu abiria na wafanyakazi wamejazana kwenye televisheni ya stesheni. Harusi na hata mikutano ya siasa ilipangwa kuikwepa saa ile. Vijijini televisheni moja ilitazamwa na mamia, na wapo waliooga kwanza, wakavua viatu, wakaipamba televisheni kwa mashada ya maua na kuichomea ubani kabla kipindi hakijaanza. Umeme ukikatika, watu walikwenda kwa hasira kwenye vituo vya umeme. Kwa Mhindu muumini kumwona mungu kwa macho, na kuonwa naye, ni ibada kamili. Ndiyo shughuli anayoifuata hekaluni. Sasa mungu amekuja sebuleni, na ana uso wa kijana wa Meerut.

Hapa ndipo nataka wakosoaji wake wanisikilize. Wanasema hakuigiza. Tazameni sehemu ile Kaikeyi, mama wa kambo wa Ram, aliyechezwa na Padma Khanna, anapodai Ram apelekwe uhamishoni msituni miaka kumi na minne. Kesho yake alikuwa avikwe taji. Baba yake, mfalme Dasharath, yuko chini hawezi hata kutamka. Govil anaingia, anasikia, na uso wake haubadiliki isipokuwa macho, ambayo yanamtazama baba na si yule aliyemnyang'anya ufalme. Mwigizaji wa kawaida angejaza pale machozi, mkono kifuani, sauti ya kutetemeka. Yeye anapokea hukumu kama mtu aliyepewa maji. Kisha linganisha na baadaye, Sita ametekwa, Ram anamtafuta msituni akiwauliza ndege na wanyama kama wamemwona. Hapo analia, na kwa sababu hajalia sehemu zote zilizopita, kilio kile kinakata. Hiyo ni hesabu ya mwigizaji. Mtu anayesimama tu na kutabasamu hawezi kupanga hivyo.

Tena afikirie mtu ugumu wa kazi yenyewe. Ravan anaruhusiwa kucheka kwa kishindo, kukasirika, kujisifu; Arvind Trivedi alitoka kwenye jukwaa na filamu za Kigujarati na alikula kila sekunde aliyopewa. Manthara, yule mtumishi mchochezi, alichezwa na Lalita Pawar, mkongwe aliyeanza tangu filamu zisizo na sauti. Kila aliyemzunguka Govil alikuwa na rangi za kuchezea. Yeye alipewa ukamilifu, na ukamilifu haumpi mwigizaji pa kushika.

---

Binti Makorora

Nimesoma yote. Mimi naheshimu uigizaji wake lakini nina dukuduku. Huo ukamilifu unaousifu, sisi wanawake tunautazama vingine. Sita anaokolewa, halafu anapitishwa motoni ili athibitishe kuwa ni safi. Halafu baadaye maneno ya mtaani yanamfanya mumewe amwache akiwa mjamzito. Mwigizaji akilitabasamulia jambo kama hilo, tabasamu linakuwa na uzito gani kwa mabinti wanaotazama? Deepika Chikhalia ndiye ninayemkumbuka mimi. Kutajwa kwake kwenye nyuzi kama hizi kila mara ni mstari mmoja.

---

Mpenda Tamthilia

Binti Makorora, hoja yako ni nzito na hata India ilijadiliwa tangu wakati ule. Sagar kwenye ule mtihani wa moto alifuata simulizi ya zamani ambamo Sita halisi alikuwa amehifadhiwa kwa mungu wa moto, na aliyetekwa ni kivuli chake, kwa hiyo moto unamrudisha yule halisi. Alikuwa anatafuta njia ya kumwokoa Ram na lawama. Unaweza kuona hakufanikiwa, maana lawama bado ipo, na wanawake wengi wa Kihindi wamelisema wazi.

Hiyo habari ya kuachwa akiwa mjamzito ina kisa chake, tena kisa cha wafanyakazi. Tamthilia ya kwanza iliishia Ram anapovikwa taji. Wafagizi wa miji kadhaa ya kaskazini mwa India wakagoma mwaka 1988, wakitaka hadithi iendelee mpaka sehemu ya Valmiki, mtunzi wa Ramayana, ambaye jamii yao inamheshimu kama mzazi wao. Ndiye anayempokea Sita porini na kuwalea watoto wake, Lav na Kush. Taka zikajaa mitaani. Ndipo ikatengenezwa tamthilia ya mwendelezo, na Govil akarudi kumcheza Ram anayemwacha mke wake. Ukiitazama hiyo, dada yangu, utaona tabasamu limetoweka. Anacheza mtu anayekula sumu kwa hiari na anajua amekosea mahali. Ni kazi yake bora kuliko zote kwa maoni yangu, na ndiyo isiyotajwa.

Kuhusu Deepika umenikamata, anastahili uzi wake. Mwaka 1991 alichaguliwa mbunge wa Baroda kwa chama cha BJP, kile cha utaifa wa Kihindu. Na uchaguzi huohuo Arvind Trivedi, yule Ravan, akachaguliwa kutoka Sabarkantha kwa chama hichohicho.

---

Nahodha wa Mji Mkongwe

Hapo kwenye BJP ndipo nilikuwa nasubiri tufike. Tusizungushe. Ramayan ilirushwa 1987. Mwaka 1990 L. K. Advani, kiongozi wa BJP, anazunguka India kwenye gari lililopambwa kama gari la vita la Ram la kukokotwa na farasi, akidai hekalu lijengwe Ayodhya, mji ambao Wahindu wanaamini Ram alizaliwa, palipo Msikiti wa Babri. Tarehe 6 Desemba 1992 msikiti unabomolewa, na ghasia zilizofuata ziliua watu wapatao elfu mbili, wengi wao Waislamu. Wasomi kadhaa wameandika kwamba tamthilia ile iliwapa watu picha moja ya Ram, nchi nzima, kwa wakati mmoja, na siasa ikaja kuivuna. Picha ile ilikuwa na uso wa Govil. Unamtenganishaje na hayo?

---

Mpenda Tamthilia

Nahodha, swali la haki, nalijibu bila kukwepa.

Kwanza mfuatano wa mambo. Madai ya Ayodhya hayakuzaliwa na televisheni. Kufuli za jengo lile zilifunguliwa kwa amri ya mahakama Februari 1986, karibu mwaka mzima kabla ya Jumapili ya kwanza ya Ramayan. Na serikali iliyokuwa madarakani, yenye Doordarshan mkononi, ilikuwa ya chama cha Congress cha Rajiv Gandhi. Kwa hiyo tukisema BJP walipika tamthilia, tutakuwa tumepotosha.

Pili, na hili wengi hawalijui. Siasa ya kwanza ya Arun Govil ilikuwa kuipigia kampeni Congress. Amitabh Bachchan alijiuzulu ubunge wa Allahabad mwaka 1987, na uchaguzi mdogo ukafanyika 1988. Congress wakamsimamisha Sunil Shastri, mtoto wa waziri mkuu wa zamani, dhidi ya V. P. Singh aliyekuwa amejitenga nao. Wakampeleka Govil Allahabad, wakati Ramayan bado iko hewani, umaarufu wake uko kileleni. V. P. Singh akashinda, na mwaka uliofuata akawa waziri mkuu. Watu waliomvulia viatu Jumapili asubuhi walikwenda kwenye sanduku la kura na wakampigia mtu mwingine.

Lakini sikubali pia kumwosha kabisa. Ulichosema kuhusu picha moja ni kweli. Kabla ya 1987 Ram wa kijiji hiki alikuwa tofauti na wa kijiji kile. Kila mji una maigizo yake ya Ramlila, kila lugha ina Ramayana yake, za Kusini zina Ravan mwenye heshima zaidi. Televisheni iliweka mmoja juu ya wote. Govil hakulipanga hilo, ila uso wake ndio uliotumika, na alipokuwa mtu mzima akachagua upande mwenyewe: alijiunga na BJP Machi 2021. Tarehe 22 Januari 2024 hekalu la Ayodhya lilipozinduliwa alikuwepo, pamoja na Deepika na Sunil Lahri. Miezi michache baadaye akagombea ubunge wa Meerut, alikozaliwa, akashinda kwa kura 10,585. Kwa jimbo la India lenye wapiga kura wengi vile, huo ni ushindi mwembamba. Ram wa Allahabad alishindwa, Ram wa Meerut akaponea. Kwa hiyo anayesema Wahindi walimpigia kura mungu wao kwa macho yaliyofumbwa, hesabu zinamkatalia.

---

Nahodha wa Mji Mkongwe

Nimekuelewa, hasa hapo kwenye Allahabad, sikuwa naijua. Ila msimamo wangu unabaki: mwigizaji akishapewa sura kubwa kiasi kile, ana wajibu wa kuangalia nani anaibeba. Angeweza kukaa nje.

---

Mpenda Tamthilia

Hilo siwezi kukubishia. Mukesh Khanna, Nitish Bharadwaj, Deepika, Trivedi, wote waliotoka kwenye tamthilia zile za dini waliguswa na siasa kwa namna moja au nyingine. Bharadwaj, aliyecheza Krishna kwenye Mahabharat ya B. R. Chopra iliyofuata Oktoba 1988, naye alikuwa mbunge wa BJP. Mahabharat hiyo mazungumzo yake yaliandikwa na Rahi Masoom Raza, Mwislamu, na ni miongoni mwa maandishi bora yaliyowahi kupita televisheni ya India. Naliweka hili hapa ili picha isiwe ya upande mmoja.

Sasa sehemu ya tatu, iliyonifanya niandike uzi.

Baada ya Ramayan, Govil alirudi Bombay kutafuta kazi za filamu kama waigizaji wengine. Watayarishaji wakamwambia, kwa maneno yake mwenyewe kwenye mahojiano, kwamba sura ya Ram imemzidi nguvu. Nani atamwandikia nafasi ya mlevi? Nani atamwimbisha na msichana kwenye mvua? Hata mtu wa pembeni hawezi kuwa, kwa sababu akitokea tu, ukumbi mzima unamwona Ram na hadithi inaharibika. Bado ana nguvu zake na, kwa upande wa filamu za biashara, amemaliza.

Kilichobaki kilikuwa watakatifu na wafalme wa zamani. Amecheza Harishchandra, mfalme asiyesema uongo. Amecheza Buddha. Mwaka 1997 ikatoka filamu ya Lav Kush, na humo Jeetendra ndiye Ram. Govil ni Lakshman, mdogo mtu. Fikirini mtu huyo anavaa mavazi, anasimama pembeni, na mbele yake mtu mwingine anaitwa jina ambalo nchi nzima inamwita yeye barabarani. Aliifanya kazi ile kwa heshima zote. Mimi nikiulizwa nini kinanionyesha kwamba huyu ni mwigizaji na si sanamu, naitaja hiyo filamu kabla ya Ramayan.

Na maisha ya kawaida nayo yalibanwa. Ameeleza jinsi alivyokuwa mvutaji sigara, na siku moja mtu akamkuta anavuta akamjia juu kwa lugha ambayo yeye haifahamu. Akauliza amesema nini, akaambiwa: tunakuona Bwana wetu, na wewe umekaa hapa unafanya hivi. Akaacha sigara. Mwaka 2022 video ilisambaa, mwanamke amelala kifudifudi miguuni pake uwanja wa ndege wa Aurangabad. Ilikuwa miaka thelathini na mitano baada ya sehemu ya kwanza. Yeye anaonekana amesimama, hajui aweke wapi mikono, kisha anamwinua mama yule taratibu. Trivedi alikuwa na bahati tofauti: aliyecheza adui wa Ram alikuwa muumini mkubwa wa Ram, lakini watu walipomwona barabarani walimwita Ravan kwa mapenzi, na aliruhusiwa kuwa binadamu. Alifariki Oktoba 2021 na Govil alimwombolezea hadharani kama rafiki.

---

Chemchemi ya Ujiji

Mkuu, mimi nilimjua Govil kipindi cha korona. Nilikuwa nafanya kazi Muscat, tumefungiwa ndani, na wenzangu wa kambi Wahindi walikuwa wanatazama kila siku kwenye simu. Niliposikia kwamba kipindi cha 1987 kinatazamwa na watu wengi kuliko vipya nilidhani wanatia chumvi. Ilikuwa kweli?

---

Mpenda Tamthilia

Ilikuwa kweli, ila kuna kiasi chake. India ilifungwa mwishoni mwa Machi 2020. Studio zote zikasimama, hakuna sehemu mpya za tamthilia yoyote. Wananchi wakaomba, na tarehe 28 Machi Doordarshan wakairudisha Ramayan, mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku. Chaneli ambayo watu walikuwa wameisahau ikapanda juu ya chaneli zote za kulipia. Doordarshan wakatangaza kwamba usiku wa tarehe 16 Aprili watazamaji walifika milioni 77, na kwamba ni rekodi ya dunia kwa kipindi cha burudani. Hapo kwenye rekodi ya dunia waandishi wa habari wa India walihoji, kwa sababu kuna vipindi vya Marekani vilivyowahi kuzidi. Tuseme hivi: idadi ilikuwa kubwa mno kwa kipindi cha umri ule, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa 1987 ndio waliokuwa wanabishana mtandaoni kuhusu Kaikeyi.

Katika kipindi hichohicho Govil, akiulizwa maswali na mashabiki kwenye Twitter, aliandika kwamba hakuna serikali iliyowahi kumpa tuzo yoyote, wala ya jimbo lake la Uttar Pradesh wala ya kitaifa. Niliposoma nilihuzunika. Mtu anapigiwa magoti kwenye uwanja wa ndege, lakini hajawahi kuitwa jukwaani kama msanii na kuambiwa: kazi yako ya uigizaji ilikuwa nzuri.

---

Mzee wa Deki

Hapo umenibadilisha kidogo. Ila nikuulize, kwani siku hizi anacheza nini? Au ni siasa tu?

---

Mpenda Tamthilia

Anacheza, na hii ndiyo sehemu inayonifurahisha. Uzee umemfungulia. Nywele zimekuwa nyeupe, uso umejaa, na watayarishaji wameanza kumwona tena. Mwaka 2023 alionekana kwenye OMG 2, na mwaka 2024 kwenye Article 370 akamcheza waziri mkuu. Ile ya pili Nahodha atakuwa na maneno nayo, maana ni filamu ya siasa waziwazi, na sitamzuia.

Lakini kubwa ni hii Ramayana mpya ya Nitesh Tiwari, ambamo Ranbir Kapoor ndiye Ram. Imeripotiwa kwamba Govil amepewa Dasharath, baba yake Ram.

---

Binti Makorora

Kwa hiyo yeye ndiye atakayempeleka mwanawe msituni?

---

Mpenda Tamthilia

Ndiyo dada. Ile sehemu niliyoieleza juu, ya chumba cha Kaikeyi, safari hii atakuwa yeye aliye chini asiyeweza kutamka. Mwaka 1987 Dasharath alikuwa Bal Dhuri, mwigizaji wa Kimarathi, na Kaushalya mama yake Ram alichezwa na Jayshree Gadkar, mke wake Dhuri wa kweli. Dhuri aliicheza kwa uchungu mkubwa, sauti inakatika, anaita jina la mtoto mpaka anakufa. Govil alikuwa chumbani mle siku wanapiga picha, akiwa ndiye mtoto.

Binafsi nataka kuona atafanya nini na mhusika ambaye ni dhaifu. Dasharath alimwahidi mke zamani, akasahau, na ahadi ikarudi kumvunjia nyumba. Ana kosa, ana tamaa, ana majuto. Hizo rangi zote alizonyimwa mwaka 1987 sasa anazo. Waliosema hajui kuigiza watapata pa kumpimia. Nahodha, Binti Makorora, ikitoka naomba turudi hapahapa, kila mtu aseme alichokiona.

---

Nahodha wa Mji Mkongwe

Nitarudi. Na hiyo ya Lav Kush ya 1997 naitafuta wikiendi hii, nimwone akiwa Lakshman kwanza.